Ndege wa Pori ni wa Nani?

Ndege ana makao ya heshima katika ushairi wetu. Mtunzi akitaka kusema habari za mpenzi aliyeondoka, humtaja ndege; akitaka kumwonya mtawala bila ya kumtaja jina, humtaja ndege vilevile. Kanga ana jina moja na nguo ya mama zetu, na kwale ana jina moja na mji wa pwani ya Kenya. Hata hivyo, katika beti zote hizo swali moja huulizwa kwa nadra sana: ndege yule, kabla hajaingia katika shairi au katika chungu, alikuwa mali ya nani? Kuku ana mwenyewe. Kwale anayekimbia kichakani hana alama mguuni, na aweza kulala katika shamba la huyu na kuamkia katika shamba la yule.

Swali hili lina historia ndefu, na limewahi kuamuliwa kwa sheria, kwa mahakama na kwa vifungo. Makala haya yanaifuata historia hiyo Uingereza na Marekani, kisha yanarudi nyumbani, kwa kuwa tawi moja la historia hiyo lilikuja kupandwa kwetu. Kiongozi wetu njiani atakuwa mbwa wa kusaka. Nimemchagua yeye kwa sababu moja: waliotaka kumnyima mtu ndege mara nyingi walianza kwa kumnyima mbwa.

Najua mbwa si mnyama wa kutajwa kwa wepesi mbele ya wasomaji wengi wa pwani. Lakini mbwa wa kusaka ana hukumu yake. Aya ya 4 ya Suratul Maida inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda, jina la Mwenyezi Mungu likiwa limetajwa, na mafakihi wameandika mengi juu ya masharti yake. Kisiwani Unguja nako, wasasi wameingia msituni na mbwa wao tangu zama za wazee wetu, na neno lenyewe la msasi ni la kale katika lugha yetu.

Mbwa anayesakia ndege wa nchi kavu, yaani ndege wa jamii ya kwale na tomboro wanaokaa chini vichakani na katika majani makavu, hana kazi ya kuua. Kazi yake ni kutafuta na kujizuia. Hukimbia mbele ya bwana wake, huku na huku, pua yake ikiwa imeelekea upepo. Akiipata harufu ya ndege aliyejificha, husimama ghafla kana kwamba amepigwa msumari, mkia umekakamaa, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, pua imenyooka kuelekea mahali ndege alipo. Hukaa hivyo mpaka mtu afike. Mtu akisogea, ndege huruka kwa kishindo cha mbawa, na hapo ndipo bunduki ya marisau hufanya kazi yake. Kabla ya zama za bunduki hizo, huko Ulaya mbwa alifundishwa kulala kifudifudi mbele ya ndege, na wavu ukatupwa ukamfunika yeye na ndege kwa pamoja. Kwa vyovyote, mbwa huyu alikuwa ndiye chombo kikuu. Mtu asiye na mbwa aweza kupita hatua tatu kutoka kwa ndege asimwone.

Wenye nchi wa Uingereza walilijua hilo barabara. Mwaka 1671 Bunge lao lilipitisha sheria ya mawindo iliyosema, kwa kifupi, kwamba hana ruhusa ya kuwinda sungura wala kwale wala ndege wengine wa mawindo ila mwenye ardhi ya milki yenye kuleta pauni 100 kwa mwaka, au mpangaji mkubwa, au mtoto wa ukoo wa juu. Zama hizo mtu wa vijijini alihitaji ardhi ya shilingi 40 kwa mwaka, yaani pauni 2, ili awe na haki ya kumchagua mbunge. Kwa hiyo kumpiga kwale mmoja kulihitaji mali mara 50 ya ile iliyohitajika kulichagua Bunge. Sheria hiyo iliwapa walinzi wa mabwana ruhusa ya kuingia katika nyumba za wasiostahiki na kutwaa vyombo vya kuwindia. Vyombo hivyo vilitajwa: bunduki, pinde, nyavu, na pamoja navyo mbwa wa mbio na mbwa wa kuonyesha ndege. Mkulima aliyeishi katikati ya ndege, ambaye ndege hao walikula nafaka yake, akawa mhalifu kwa kufuga mbwa mwenye pua nzuri.

Mambo yalizidi kukaza. Mwaka 1755 uuzaji wa ndege na sungura wa mawindo ulikatazwa kwa kila mtu, hata kwa wale waliostahiki kuwinda. Mwaka 1828 ilitungwa sheria ya kuwaadhibu wawindao usiku, na aliyepatikana na hatia mara ya tatu aliweza kupelekwa ng'ambo katika makoloni ya wafungwa kwa miaka 7. Sharti la mali liliondolewa mwaka 1831, likawekwa sharti la leseni. Lakini ardhi ilibaki kuwa ya mabwana walewale, na haki ya kuwinda juu yake ikabaki mikononi mwao.

Waingereza waliohamia Amerika walichukua pamoja nao kumbukumbu ya sheria za namna hiyo, wakataka huko waendako pawe tofauti. Katika koloni la Massachusetts sheria ya 1641 iliwapa wenye nyumba uhuru wa kuvua na kuwinda ndege katika maziwa makubwa na katika fukwe. Katiba ya Pennsylvania ya 1776, mwaka uleule wa tangazo la uhuru wa Marekani, ilitamka kwamba wakazi watakuwa huru kuwinda katika misimu ifaayo, juu ya ardhi waliyo nayo na juu ya ardhi nyingine zote zisizozungushiwa ua. Ndege wa bwana akawa ndege wa watu. Ilikuwa ahadi kubwa, na msomaji wa leo hana budi kuiona heshima iliyokuwamo ndani yake. Lakini hana budi pia kukumbuka kwamba ardhi hizo zisizo na ua zilikuwa na wenyewe kabla ya wahamiaji, nao walinyang'anywa.

Ikaja kudhihirika kwamba ndege wa watu wote, asipokuwa na mlinzi, huishia kuwa windo la aliye na mbio zaidi. Katika karne ya 19 reli, barafu na simu ya maandishi viliwawezesha wawindaji wa biashara kuua ndege bara na kuwauza katika miji ya mbali. Njiwa wa msafara, ambao makundi yao yaliwahi kulifunika jua, walimalizika kabisa: wa mwisho wao, jike aliyepewa jina la Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914.

Kisa kinachotuhusu zaidi sisi watu wa visiwa ni cha ndege mwingine. Katika pwani ya mashariki ya Marekani aliishi ndege wa jamii ya kwale wa nchi za baridi, mkubwa kiasi cha kuku mdogo, ambaye kwa Kiingereza aliitwa heath hen, yaani kuku wa nyika. Alikuwa tele, na watu walimla siku zote. Mwaka 1791 baraza la New York lilijadili sheria ya kumlinda. Inasimuliwa kwamba mwenyekiti aliyasoma yale maneno mawili ya jina lake kwa pamoja, yakasikika kama neno la Kiingereza la kafiri, na baadhi ya wajumbe wakastaajabu kwa nini baraza liwalinde makafiri. Sheria ikapita, ndege wakazidi kupungua. Kufikia mwaka 1870 hivi, bara yote haikuwa naye tena. Alibaki katika kisiwa kimoja tu, Martha's Vineyard, ambacho wenyeji wake wa asili, Wawampanoag, walikiita Noepe.

Mwaka 1908 serikali ya jimbo la Massachusetts ilitenga hifadhi katikati ya kisiwa hicho. Ndege waliokuwa wamesalia walikuwa wapatao 50. Kwa ulinzi huo waliongezeka hata wakakaribia 2,000, na watu wakaanza kufika kisiwani kuwatazama madume wakicheza alfajiri na kuvuma kwa mifuko ya shingo zao. Kisha, tarehe 12 Mei 1916, moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyika ile. Ulikuwa msimu wa kuatamia, na majike hayakuyaacha mayai yao. Yaliungua juu ya viota. Ukafuata msimu mkali wa baridi na mwewe wengi kutoka kaskazini, na baadaye ugonjwa uliotokana na ndege wa kufugwa. Waliobaki wengi walikuwa madume. Mwaka 1927 walihesabiwa 13, na majike kati yao yalikuwa 2 tu. Kuanzia Desemba 1928 akaonekana dume mmoja peke yake. Aliendelea kufika katika uwanja uleule wa kuchezea kila majira ya kuchipua, akisubiri jike ambalo halikuwapo duniani. Mara ya mwisho alionekana tarehe 11 Machi 1932.

Kisa hicho kina funzo lisilo jepesi. Hifadhi ilikuwapo, sheria ilikuwapo, na mapenzi ya watu wa kisiwa yalikuwapo. Vyote vilikuja wakati ndege wameshasukumwa katika kipande kimoja cha ardhi, ambapo msiba mmoja uliweza kuwafikia wote kwa siku moja.

Wakati huo mahakama na mabunge ya Marekani yalikuwa yakijaribu kulijibu swali letu kwa maandishi. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua shauri la mtu wa Connecticut aliyekuwa na ndege wa mawindo aliotaka kuwapeleka nje ya jimbo. Ilisema kwamba ndege wa pori ni wa watu wa jimbo kwa umoja wao, na serikali huwashika kwa amana tu kwa niaba ya watu hao. Hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 1979, lakini fikra ya amana ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Tarehe 25 Mei 1900 Rais McKinley alitia saini sheria inayojulikana kwa jina la mbunge Lacey wa Iowa, iliyokataza kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo mawindo yaliyouawa kinyume cha sheria. Soko lililowamaliza njiwa wa msafara likaanza kufungwa.

Basi ndege ni wa watu. Lakini watu ni akina nani? Hapa yatupasa kumtazama tena mbwa. Pennsylvania ileile iliyowapa wakazi wake uhuru wa 1776, mwaka 1909 ilitunga sheria ya kuwakataza wageni wasio raia kuua ndege au mnyama yeyote wa pori, isipokuwa kwa kujikinga, na kuwakataza kuwa na bunduki za kuwindia. Wengi waliolengwa walikuwa wachimba makaa na vibarua kutoka Italia na nchi nyingine za Ulaya, watu waliozoea kula ndege wadogo kwao. Mahakama Kuu iliikubali sheria hiyo mwaka 1914. Mwaka 1915 jimbo likaongeza sheria nyingine: mgeni asiye raia asiwe na mbwa, wa aina yoyote ile. Ilikuwa imepita miaka 244 tangu sheria ya Uingereza ya 1671, na wajukuu wa wale walioikimbia sheria ya mabwana wakasimama mlangoni mwa maskini mwingine kumnyang'anya mbwa wake. Sababu waliyoitoa ilikuwa ulinzi wa ndege. Ulinzi huo ulihitajika kweli. Lakini waliotwishwa gharama yake ni wale ambao hawakuwa na kura.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya haki zaidi, kwa kuwa iliwatoza wawindaji wenyewe kwa jumla. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria ya tarehe 2 Septemba 1937, ijulikanayo kwa majina ya wabunge Pittman na Robertson, ilikuwa ni daftari. Ilichukua kodi ya asilimia 11 inayotozwa bunduki ndefu na risasi zake, ikaielekeza katika kazi ya kuwarudisha wanyama na ndege wa pori. Kila jimbo lilipewa fungu lake kwa sharti kwamba fedha za leseni za wawindaji zisigeuzwe kulipia mambo mengine. Kwa fedha hizo ardhi zilinunuliwa, ndege walihesabiwa, na wataalamu waliajiriwa.

Pamoja na daftari palikuwa na ardhi. Sheria ya 1911 iliiruhusu serikali kuu kununua misitu iliyokatwa ikaachwa tupu mashariki mwa nchi, na huko magharibi serikali ilibaki na nyika kubwa ambazo walowezi hawakuzitaka. Leo misitu ya taifa ni ekari zipatazo milioni 193, na nyika zilizo chini ya ofisi ya ardhi za umma ni ekari zipatazo milioni 245. Ndiyo maana dereva au mwalimu wa Michigan asiye na hata robo ekari aweza kumpakia mbwa wake garini alfajiri, akalipia leseni yake, akaingia katika msitu wa umma kumsaka ndege bila ya kumwomba mtu ruhusa. Nchini Nevada atampanda mlima mkavu kumfuata kwale aliyeletwa kutoka Asia. Kwingineko atamkuta ndege wa Kichina mwenye mkia mrefu, ambaye Owen Denny, balozi mdogo wa Marekani mjini Shanghai, aliwapeleka wenziwe Oregon mwaka 1882. Sisi husema kanga hazai ugenini. Ndege hao walizaa ugenini, na leo wengi huwadhani ni wenyeji.

Haki hiyo haijawa salama hata sasa. Mwaka 2017 mbunge mmoja alileta muswada wa kuuza zaidi ya ekari milioni 3 za ardhi za umma, akauondoa baada ya siku chache kwa kelele za wawindaji na wavuvi. Mwaka 2025 pendekezo jingine la kuuza mamilioni ya ekari liliingizwa katika Seneti, nalo likaondolewa mwezi wa Juni baada ya upinzani mkubwa. Waliopinga walikuwa watu wa vyama mbalimbali vya siasa, wengi wao wasioafikiana katika jambo jingine lolote. Mtu ambaye amekwisha kutembea juu ya ardhi kwa miguu yake, akaona mbwa wake amesimama juu ya harufu, ni vigumu kumshawishi kwamba ardhi ile haina mwenyewe.

Sasa turudi kwetu. Nimetaja kwamba sheria ya Lacey ilitiwa saini tarehe 25 Mei 1900. Siku 6 kabla yake, tarehe 19 Mei 1900, wajumbe wa mataifa ya Ulaya yaliyotawala Afrika walitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa pori, ndege na samaki wa Afrika. Mwafrika hakuwamo miongoni mwao. Mkataba huo uliwalinda kabisa baadhi ya ndege kwa manufaa yao, kama vile tai mzoga, bundi na karani-tamba. Ulitaka wawindaji wawe na leseni, na ulitaka nyavu na mashimo ya kunasia wanyama vikatazwe au vizuiwe. Bunduki ya mwenye leseni ikahalalishwa. Wavu wa mwenyeji ukaharamishwa. Haukuridhiwa na wote waliousaini, lakini fikra zake ziliingia katika sheria za makoloni, na mtegaji wa kijijini akawa jangili katika pori alilozaliwa. Kwa hiyo katika wiki moja ya mwaka mmoja sheria ya mawindo ya Mwingereza ilipata watoto wawili wasiofanana. Kule Washington lilitafutwa namna ya kumlinda ndege kwa jina la watu. Kule London ilitiwa wino namna ya kumlinda dhidi yao.

Tangu uhuru tumeyabadilisha maneno. Sheria ya Tanzania Bara ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyama ni mali ya umma, nao wamewekwa chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ni neno zuri, na ni lilelile la amana. Lakini mdhamini hudaiwa hesabu, na mwenye kudai sharti ajue kwamba mali ni yake. Kijana anayetega kitanzi cha kwale nyuma ya shamba la baba yake amefundishwa kukimbia akimwona askari wa nyamapori. Hajafundishwa kwamba kwale yule ni amana yake pia, kwamba akimmaliza amejiibia, na kwamba akitengwa naye ameibiwa. Mambo hayo mawili yapasa kufundishwa kwa pamoja, kwani historia niliyoieleza imeonyesha hasara ya kulishika moja na kuliacha jingine.

Kule Martha's Vineyard, nyika ya yule dume wa mwisho sasa ni sehemu ya msitu wa umma wa jimbo, zaidi ya ekari 5,000. Kila mtu ana ruhusa ya kuingia. Wakazi hutembea humo na mbwa wao asubuhi. Katikati ya majani imesimamishwa sanamu ya shaba ya kuku wa nyika, shingo imeinuka. Ardhi ni ya watu, na watu wapo. Mbwa hupita karibu na sanamu ile, hunusa, na kwenda zake, kwa kuwa shaba haina harufu ya ndege.